Filamu za Vugiri, 1935–1937: Chombo cha Mkoloni au Mwanzo Wetu?

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu kilichojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama BEKE (Bantu Educational Kinema Experiment), yaani Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Kilitoa filamu zipatazo 35, kisha kikafungwa. Swali linalonishughulisha ni kama kituo hicho kina nafasi katika historia ya sinema yetu, au ni ukurasa tu wa historia ya ukoloni.

Wanaokikataa wana hoja nzito. Wazo lilitokana na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, aliyekuwa amechunguza namna migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) ilivyovuruga maisha ya vijijini. Fedha zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani, na kampuni za migodi hiyohiyo zikachangia. Viongozi walikuwa Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba kubwa, na Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu wa serikali ya kikoloni. Filamu zao zilifundisha kulipa kodi, kujikinga na safura na kutunza mifugo. Katika mojawapo, vibarua wawili wanapokea mshahara: mmoja anazichimbia fedha zake nyumbani, zinaibwa; mwenzake anaziweka Benki ya Akiba ya Posta, zinasalimika. Somo la kuweka akiba halina ubaya, lakini kama mshahara wenyewe ulimtosha kibarua ni jambo ambalo filamu ya aina hiyo haikukusudiwa kuliuliza.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumewatazama wenye fedha peke yao. Picha za Vugiri zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16 usio na sauti, na maneno yakarekodiwa kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa nafuu, na iliwezesha filamu ileile kusema Kiswahili Tanganyika, Kiganda Uganda na Kibemba kwenye migodi ya shaba, ilimradi ibadilishwe santuri. Ilikuwa pia kazi ya wasiwasi, kwa sababu sindano ikiruka mfuo mmoja tu, maneno yanaitangulia picha na mtazamaji anaelezwa jambo ambalo bado hajaliona. Kwa vyombo hivyo, kuanzia Septemba 1935 hadi Februari 1936, lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini, likafanya maonyesho 95 mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa 80,000.

Walioigiza walikuwa Waafrika, na Waafrika walifanya kazi katika utengenezaji wenyewe. Notcutt na Latham waliandika mwaka 1937 kwamba vijana wa Kiafrika wanaweza kufunzwa sehemu kubwa ya kazi za chumba cha giza, yaani cha kusafishia filamu, na za kurekodi sauti. Kwangu mimi ushahidi huo ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa ulitolewa na watu wasiokuwa na sababu ya kutupendelea. Lakini msaada wa Carnegie ulikwisha, serikali za makoloni zikakataa kubeba gharama, na Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilipoanzishwa London mwaka 1939, kilifuata imani kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za polepole na nyepesi.

Kwa hiyo naelekea upande wa kukikubali kituo cha Vugiri, kwa sharti kwamba tukihesabu kama mwanzo wa mikono yetu katika kazi hii, kwani uamuzi wa nini kisemwe haukuwa wetu. Filamu chache zilizosalia zimehifadhiwa Uingereza, ikiwemo ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Ingefaa ionyeshwe Kingolwira kwenyewe, wazee wakingali wapo, kwani huenda yupo atakayemtambua babu yake akiwa na jembe mkononi.