Makaa Yalipungua Bandarini, Mau Ikalipa

Katika mkutano mmoja wa historia hapa Nakuru, msemaji alituonyesha mchoro wa makaa ya mawe yaliyoagizwa na serikali ya kikoloni, akaielekezea kidole sehemu ambayo mstari unashuka, kisha akatangaza kwamba wakoloni walikuwa na busara ya kutunza mazingira. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga.

Nakubali, ingawa shingo upande, kwamba mchoro wenyewe haukudanganya. Makaa hayakuchimbwa hapa. Yalikuja kwa meli hadi Kilindini, bandari ya Mombasa, na kila tani iliyosafirishwa kuja bara ilizidi kuwa ghali. Ndiyo maana treni iliyopanda kutoka Nakuru kupita Njoro na Molo, ikaelekea Londiani na kushuka hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, ilichomewa kuni. Kilo ya kuni kavu hutoa takriban nusu ya joto la kilo ya makaa mazuri, kwa hiyo magogo yaliyohitajika yalikuwa mengi ajabu, na yalikatwa katika misitu ya Mau iliyo kando ya njia. Marehemu babu yangu alinisimulia jinsi magogo yaliyopasuliwa yalivyopangwa kwa marundo stesheni, yakapakiwa kwa mikono, na jinsi mchochea moto alivyotukanwa kuni zikiwa mbichi na mvuke ukapungua kwenye mlima. Gogo la Mau halikulipiwa ushuru wa forodha, basi halikuingia katika vitabu vya bandari. Busara iliyoje!

Baadaye wakoloni walipanda mikaratusi, na hata hiyo huhesabiwa kuwa fadhila, ilhali ilipandwa makusudi iingie tanurini. Reli ya Eldoret ilipofunguliwa mwaka 1924, ikipitia Timboroa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, injini zilikuwa na mlima mwingine mrefu wa kupanda kwa mvuke.

Kilichowapumzisha wachochea kuni hakikuwa huruma kwa msitu. Yalikuwa mafuta mazito, ambayo ndiyo yaliyoendesha zile injini 34 za mvuke za daraja la 59 zilizoundwa Manchester na kuanza kuwasili mwaka 1955. Mafuta hayo nayo yaliletwa kwa meli, na makarani wa Kilindini wakapata tena kitu cha kuandika.