Upo Uko Wapi?

Mimi nimekulia Kondoa, ambako maji tuliyajua kwa hesabu ya ndoo. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 22, pale Feri, Dar es Salaam. Nikamuuliza muuza samaki mmoja ile ng'ambo tunayoiona ni nchi gani. Akaniambia, "Kigamboni."

Kwa hiyo mafao yangu yalipotoka, na watu wenye akili zao wakanishauri ninunue bajaji tatu au kiwanja Bagamoyo, mimi nikanunua boti. Na si ngalawa, la. Boti ya faiba ya futi 24 yenye chumba ndani, vitanda viwili vya kubanana, sinki, na choo. Niliikuta Kunduchi chini ya mkungu, imefunikwa turubai lililooza, mwenyewe mzungu aliyekwisha kurudi kwao. Dalali alipofungua mlango wa chumba, kuku akatutolea macho. Alikuwa ameatamia mayai saba ndani ya sinki.

"Unaona?" dalali akasema. "Kuku haatamii penye maji. Hiyo ndiyo dhamana kwamba boti haivuji."

Hoja ile iliniingia. Mpaka leo sijapata pa kuipingia, maana boti yenyewe ilikuwa juu ya mchanga.

Akaunganisha mpira wa kumwagilia bustani kwenye mashine, akawasha. Mara ya tatu ikaitika, ikatoa moshi mweusi hadi kuku akahama. "Huo moshi wa usingizi," dalali akasema, "ukitembea nayo kidogo unaisha." Tulianza milioni 20, tukamaliza 14, na kuku hakuwemo kwenye bei.

Fundi nilimpata palepale Kunduchi, mzee wa makamo mwenye tabia ya kusema neno moja pale mtu mwingine angesema kumi. Alilala kifudifudi, akachungulia chini ya sakafu kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya msiba. Kisha akaanza kutoa vitu. Cha kwanza kilikuwa impela, kidude cha raba chenye mapezi kama ua. Mashine ya boti hii haipoozwi na upepo kama gari. Inafyonza maji ya bahari, yanazunguka ndani na kutemwa nje, na anayeyafyonza ni huyo impela. Raba yake ikikatika, mashine inajipika yenyewe kwa dakika chache. Yangu ilikuwa na pezi moja kati ya sita. Kuna pia kipande cha zinki kinachofungwa chini karibu na panga, kazi yake kuliwa. Maji ya chumvi yanakula zinki yakaacha panga na vyuma vingine. Changu kilikuwa kimekwisha kuliwa, na chumvi ilikuwa imeanza kuonja panga. Tangi la petroli lilikuwa na maji chini. Niliagiza impela Dubai, ikaja ya mashine nyingine, nikaagiza tena. Miezi minane hiyo sitaisimulia, inaniumiza, tena mke wangu anaijua kwa shilingi na senti.

Boti nikaipa jina, Starehe. Nililiandika kwa rangi ya bluu ubavuni. Kesho yake watoto wa pwani wakaongeza kwa mkaa: Gharama.

Sasa lazima niseme kwa nini nilihangaika hivyo. Sababu ni mama mkwe. Yeye ni mtu wa Pangani, na marehemu baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Nilipopeleka posa, mjomba mmoja aliuliza kwa sauti, "Huyu wa Kondoa akitupwa mtoni ataelea?" Ukumbi ukacheka. Mama mkwe hakucheka, lakini hakukataza. Katika miaka tisa ya ndoa alikuwa hajanisemesha moja kwa moja zaidi ya salamu. Mimi nami kwa heshima nilikuwa nikimwona anakuja upande huu, nahamia upande ule. Basi nikaazimia, Idi pili, mama mkwe nimvushe kwa chombo changu hadi kisiwa cha Mbudya.

Na mama mkwe hawezi kupanda chombo kisicho na choo.

Choo cha zamani kilikuwa kimepasuka. Nikanunua kipya, cheupe, kinang'aa, cha kupampu kwa mkono. Mbele ya fundi nilikipapasa kama mtu anayenunua mbuzi. Chenyewe kinafanya kazi hivi: kuna tundu chini ya boti, mpira unaleta maji ya bahari bakulini, mpira mwingine unatoa. Pembeni ya pampu kuna kikono kidogo cha plastiki. Ukikipeleka kushoto maji yanaingia, ukikirudisha kulia yanafungwa. Ukimaliza haja zako, kirudi kulia. Ni hilo tu.

"Huu mpira wa kuingiza maji," fundi akasema, "tuupandishe juu, upite juu ya usawa wa bahari, upinde kama shingo ya bata, tuuwekee na tundu la kupumua. Mtu akisahau kikono, bahari haitaweza kujivuta yenyewe."

"Bei gani?"

"Laki na nusu."

Nikatazama mahali shingo ya bata itakapopita. Ndipo hasa nilipopanga kuweka spika. Spika ikashinda.

Akanishauri tena friji na redio vipate betri yao, mbali na betri ya mashine na ya pampu ya ngama, yaani kule chini kabisa maji yanakojikusanya. Nikamwambia betri ni betri. Siku hiyo nilikuwa nasugua omo, yaani pua ya mbele ya boti, ing'ae, naye akanitazama, akasema, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hiyo niliijibu kwenye mtihani wa darasa la saba na nikapata alama zote. Ngama yenyewe sikuwahi kuiona hadi nilipolipia pampu yake.

Tulikijaribu choo tukiwa kwenye maji, mimi na fundi. Nikakiacha kikono kushoto kwa makusudi, saa nzima. Bakuli halikufurika. Nikamcheka na shingo yake ya bata.

"Leo tuko wawili," akasema.

Niliyachukulia kuwa maneno ya uzee.

Idi pili tukapanda tisa. Mimi, mke wangu, watoto watatu, shemeji na mkewe, kijana wao mmoja, na mama mkwe. Kulikuwa na pilau ya kilo nne kwenye sufuria kubwa, kreti mbili za soda, na ndoo ya barafu, kwa kuwa mke wangu hakuiamini friji. Maji yalikuwa bamvua, ya kujaa na kupwa mno, kama kila Idi el-Fitri, maana mwezi ukiandama na bahari nayo huvutwa mno, kwa hiyo tuliwahi asubuhi kabla mto wa Kunduchi haujakauka. Kila mtu nilimvalisha jaketi la kuokolea, kitu pekee katika safari hii nilichokinunua kwa akili. Mama mkwe alilivaa juu ya baibui bila neno.

Akasimama mlangoni pa chumba. Akatazama friji, akatazama spika, akatazama sakafu. Kisha, macho yake baharini, akasema kwa sauti tulivu:

"Upo uko wapi?"

Ndugu zangu, miaka tisa! Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikapaza sauti ikafika hadi omo:

"Nipo, mama! Nipo hapa kwenye usukani!"

Mke wangu akakohoa. Shemeji akageukia upande wa Zanzibar, mabega yakimtikisika. Mama mkwe akanitazama kidogo, akasema, "Haya," akaenda kukaa.

Mashine ilinguruma vizuri. Inakunywa lita kama 30 kwa saa, lakini siku hiyo sikuhesabu. Tulipotia nanga Mbudya nilifungulia taarabu, na mama mkwe akaanza kutikisa kichwa polepole. Nikajisemea, Kondoa imeelea.

Sasa, suala la kikono. Mkwe hawezi kumweleza mama mkwe wake matumizi ya choo. Hata hapa ninapoandika naona haya. Nilimwomba mke wangu amwambie, naye aliahidi kumwambia kwa adabu. Baadaye nilikuja kujua adabu yenyewe ilikuwa hivi: "Mama, ukimaliza, kuna kakitu pale pembeni." Basi.

Mama mkwe akaingia. Akatoka. Pilau ikapakuliwa, sauti ikaongezwa. Kama saa moja hivi mwanangu wa pili akaja na kipaja cha kuku mkononi.

"Baba, choo kinacheua."

"Usiseme hivyo watu wakila," nikamwambia, nikaongeza sauti tena.

Kisha taarabu ikakatika katikati ya neno. Spika kimya, friji kimya. Nikashuka chumbani kuangalia betri, na kandambili zangu zikanitangulia zikielea. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Chungwa moja lilipita taratibu likielekea vitandani. Pampu ya ngama, ambayo huwaka yenyewe maji yakiinua boya lake, ilikuwa imekufa, kwa sababu betri ni betri na taarabu ilikuwa imeila yote. Nikakimbilia ufunguo wa mashine. Tik. Tena. Tik.

Hapo ndipo nilipomwelewa fundi. Tukiwa wawili, mdomo wa bakuli ulikuwa juu ya usawa wa bahari. Tukiwa tisa na pilau na soda, boti ilikaa chini, mdomo wa bakuli ukawa chini ya usawa, na bahari ikawa inaingia kwa kupitia chooni kama mgeni anayejua njia. Na kila ilivyoingia, boti ilizidi kukaa.

Nikapanda juu. Heshima ikanishika koo.

"Muulize mama," nikamwambia mke wangu, "kama alikirudisha."

"Mama, anauliza kama ulikirudisha."

"Nilikirudisha nini?"

"Anauliza alikirudisha nini."

"Kikono."

"Mama, kikono."

"Kikono cha nini?"

"Anauliza cha nini."

"Cha... cha kule."

"Mama, cha kule."

"Kule wapi?"

Maji yalikuwa yamepanda kipandio cha kwanza cha ngazi. Shemeji, aliyekuwa na tonge mdomoni, akalimeza lote kwa mkupuo: "Cha chooni, jamani! Tunazama!"

Mama mkwe akainuka. Akajifunga kanga kiunoni juu ya jaketi, akashuka chumbani maji yakimfika kwenye mashavu ya miguu, akafungua choo, na tukasikia tak. "Si hiki?" akauliza. Akainama, akafunga na koki ya chini ya bakuli, ambayo mimi mwenye boti nilikuwa nimeisahau. Kisha akasimama, akapaza sauti, safari hii si ya adabu hata kidogo:

"Upo!"

"Nipo mama!" nikajibu.

"UPO!"

"Nipo hapa!"

"Wewe mwanamume," mke wangu akafoka, "upo ni kile kitu cha kutolea maji chomboni! Kata! Mama anakuulizia kata tangu asubuhi!"

Kata haikuwepo. Kulikuwa na spika sita, friji, taa za rangi zinazobadilika, na kishikio cha glasi. Mama mkwe akatazama huku na huku, akalikamata sufuria la pilau. Kilo nne zile, au kilichobaki, zikahamia ndoo ya barafu. Akaanza kufua maji kwa sufuria, mkono umetulia, mdundo mmoja, kama mtu anayetwanga. Sisi wengine tukashika mfuniko, hotipoti na kofia. Kila tukichoka, tulimwona yeye hajachoka, tukaona haya, tukaendelea.

Wavuvi wawili walikuja na ngalawa. Walituzunguka kwanza mara moja, wakasoma ubavuni: Starehe Gharama. Mmoja akamwambia mwenzake, "Si wameandika wenyewe." Wakaomba elfu 60 na pilau. Nikawapa vyote viwili, ingawa pilau sasa ilikuwa na barafu. Wakamwita mwenzao mwenye boti ya mashine, akatufunga kamba.

Tuliingia Kunduchi alasiri, maji yamejaa, watu wa Idi wamejaa ufukweni hadi juu ya magofu ya mitumbwi, nasi tunakokotwa kama ng'ombe aliyegoma, mama mkwe amekaa omo na sufuria mapajani. Kuna waliopiga makofi. Fundi alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti. Hakuuliza chochote. Alinyoosha kidole, akatuhesabu mmoja mmoja tukishuka, akafika kwangu.

"Tisa," akasema, akaenda zake.

Shingo ya bata ipo sasa. Bei ilikuwa imepanda, laki mbili. Betri ziko mbili. Spika moja niliing'oa, nikamwuzia shemeji kwa bei ya hasara, naye bado hajalipa.

Wiki mbili baada ya Idi, kondakta wa basi la Pangani alinipigia simu nikachukue mzigo. Ulifungwa kwa gazeti na kamba ya usumba. Ndani kulikuwa na upo wa mti wa mwembe, umechongwa vizuri, mpini wake umeshakuwa laini kwa kushikwa, mkubwa kuliko sinki la boti yangu. Unakaa chini ya usukani.

Tangu siku hiyo mama mkwe ananipigia mwenyewe, hapiti tena kwa binti yake. Akisikia tu kuna safari, simu inalia.

"Upo upo?"

"Upo, mama. Na mimi nipo."

"Wewe sikukuuliza."