Msemaji wa Ukoo Aliyepukutika

Msemaji wa ukoo katika mazungumzo ya mahari hahitaji sura ya kupendeza. Anahitaji sura ya mtu asiyepunguza bei. Hoja hiyo nilimweleza binti ya kaka yangu asubuhi ile tulipokuwa tukiwangojea wakwe wake watarajiwa nyumbani kwa kaka, mtaa wa Buruburu, Nairobi, naye akaipuuza kabisa.

"Baba mdogo, uso umefubaa, na leo picha zitapigwa," alisema, akanikalisha kitini.

Alikuwa na chupa mbili ndogo za seramu, yaani majimaji ya kupaka usoni, alizozinunua katika supamaketi ya bei nafuu iliyo karibu na steji, ambako bidhaa hizo hupangwa rafu moja na dawa ya meno. Ya kwanza ilikuwa ya asidi ya hayaluroniki, ambayo kazi yake ni kuvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Ya pili ilikuwa ya niasinamaidi, yaani vitamini B3, ambayo husaidia kupunguza mafuta na madoa ya uso kwa mtu atakayevumilia kuipaka majuma kadhaa. Mimi nilikuwa na nusu saa. Nilipotilia shaka unafuu wa bei, alinifafanulia kwamba viambato hivyo si adimu wala si ghali kutengeneza, na kwamba chupa ya duka la kifahari mara nyingi huwa na niasinamaidi ileile, isipokuwa mnunuzi huko hulipia pia kioo kizito, matangazo na tabasamu la muuzaji. Hadi leo naamini alisema kweli, na kilichotokea baadaye hakikuwa kosa la bei.

Juu ya seramu hizo ilitakiwa losheni ya kukinga jua, kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mwinuko unaozidi mita 1,600, kwa hiyo ubaridi wake humfanya mtu asahau ukali wa jua lake. Kila tabaka lilipaswa kuachwa likauke kabla ya kupakwa jingine. Lakini honi zililia langoni, binti akakimbizwa chumbani asionekane mapema, na losheni nzito nikajimiminia mwenyewe juu ya unyevunyevu.

Mazungumzo yalikwenda vyema hadi tulipofika kwenye mbuzi. Hapo msemaji wa upande wa pili, mzee mwenye sauti ya taratibu na mkono mgumu, alitaja idadi ya kufedhehesha. Nilinyamaza kwa heshima, nikatoa leso, nikajifuta jasho polepole ili ukimya wangu umwingie. Seramu na losheni visivyokauka, hasa losheni yenye silikoni, vikisuguliwa hujiviringisha badala ya kupenya. Basi vipande vyeupe vikaanza kunidondoka usoni, mithili ya makombo ya kifutio mtoto anapofuta hesabu, vikatua juu ya orodha ya mahari. Niliyapangusa makombo, nikajifuta tena, yakaongezeka.

Mzee aliacha kuzungumza. Mama mmoja wa upande wao akauliza kwa upole, "Baba, ugonjwa huu umekuanza lini?"

Kabla sijajibu, bibi harusi aliletwa sebuleni akiwa amejifunika kanga kama ilivyotakiwa. Aliniona. Mabega yake yakaanza kutikisika, kanga ikapandishwa hadi machoni, na sauti iliyokuwa ikimtoka nyuma ya kanga hiyo ilikuwa ya kicheko kinachokabwa, ingawa wageni waliisikia kuwa ni kwikwi ya msichana anayemlilia baba yake mdogo. Mama yule akatoa leso yake na kulia naye.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kubishana nami. Mzee alikubali idadi yetu ya mbuzi bila kuinua macho, kisha, baada ya kunong'onezana na wenzake, akaomba liongezwe katika orodha blanketi moja zito la baba mdogo, "kwa hali yake." Kaka yangu alinikanyaga mguu chini ya meza ili nisijaribu kueleza lolote.

Blanketi lilifika pamoja na mbuzi, na ndani ya mikunjo yake kulikuwa na kopo kubwa la mafuta ya mgando, zawadi ya mama yule, lililoandikwa kwa kalamu: asubuhi na jioni.