Leseni mpya na gari lililojaa wenzake

Idi ikifika, vijana wa Malindi huazima gari au huchangishana wakakodi, wakajazana watano sita na kushika njia ya Mambrui au Watamu. Mara nyingi dereva ana leseni ya miezi michache. Ajali ikitokea, huzuka swali: mbona dereva mpya asikatazwe kuendesha usiku na kubeba wenzake?

New Zealand iliweka masharti hayo mwaka 1987. Marekani nako, utafiti wa mwaka 2012 kuhusu madereva wa miaka 16 na 17 ulionyesha kuwa hatari yao ya kufa hukaribia mara nne ya ile ya kuendesha peke yao, wakibeba vijana watatu au zaidi bila mtu mzima garini. Akiwemo mtu wa miaka 35 au zaidi, hatari hushuka kwa asilimia 62 chini ya ile ya kuendesha peke yao. Sioni ajabu. Muziki uko juu, wenzake wanamhimiza akanyage mafuta, naye hataki kuitwa mwoga.

Lakini usiku wa Malindi una riziki. Kuna vijana wa tuktuk, wa teksi za hotelini, wa kupeleka samaki Mombasa kabla hakujakucha. Mgonjwa wa Gongoni naye hachagui saa ya kuzidiwa, na pengine mwenye leseni nyumbani ni kijana huyo huyo. Kumnyang'anya ufunguo saa nne usiku ni kuwaumiza wengi. Tena kila sharti jipya barabarani laweza kugeuka mlango mwingine wa kitu kidogo, na hofu hiyo ni ya haki.

Kwa hiyo usiku ningeuacha. Idadi ya wenzake garini, hapana. Kuipunguza kwa mwaka wa kwanza, katika gari la binafsi, hakumnyimi mtu kazi. Anayebeba abiria kwa nauli ana leseni yake mbali. Na gharama za kuzembea ni kubwa mno: bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, haimtibu dereva wala haitengenezi gari lake. Akipewa rufaa ya Mombasa, kilomita kama 120, ni familia inayouza shamba la minazi na kuitisha harambee.

Polisi wasiwe wa kwanza kulisimamia hili. Aanze mwenye gari: wakijaa vijana watupu, asitoe ufunguo mpaka mtu mzima wa nyumba akubali kwenda nao.