Rangi Isiyotaka Kutoka

Mtu akikwambia anapaka rangi boti kuukuu, mpe pole, usimpe hongera. Kupaka kwenyewe si kitu. Kubandua ile ya zamani ndiko kutakakokutoa roho.

Na rangi hii ina vitimbi! Boti ikiwa majini inabanduka yenyewe, pande kwa pande, hata hujaigusa. Ipandishe nchi kavu, shika skrepa, uone. Imeganda kama deni la ndugu. Unakwangua bluu, chini yake kijani. Unakwangua kijani, chini yake nyekundu. Kumbe kila mwenye boti aliyepita alipaka juu ya mwenzake, akauza, akaenda zake. Mrithi wa yote ni mimi.

Huko chini karibu na mkuku, uti wa mgongo wa boti, ndiko kwenye adhabu. Unalala chali, mikono juu, na kila unachokwangua kinakushukia usoni. Vile vidude vya magamba vilivyojishikiza huko navyo havina adabu: unavunja gamba, linaanguka, halafu kitako chake cheupe cha mviringo kinabaki palepale, hata patasi inaomba radhi.

Halafu washauri. Hawakosi. Mmoja, mikono mfukoni: "Ichome moto kaka, itavimba yenyewe." Niichome! Boti za zamani nyingi zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, moshi wake sumu tupu. Mwingine anataka nipige msasa mkavu, chapuchapu. Rangi ya chini ya boti inatiwa shaba ili iue viumbe vya baharini, sasa vumbi lake nilivute mimi kwa mapafu gani? Nina barakoa, ndoo, msasa wa maji, na turubai chini la kukusanyia uchafu. Ajabu ni kwamba katika washauri wote hao, hakuna aliyewahi kusema, "Lete skrepa nikupokee."

Haya, umefika kwenye kupaka. Soma kopo: usipake juani, usipake penye umande, usipake kwenye upepo wa vumbi. Basi nipake lini, ndotoni? Praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kushikilia zinazofuata, ndiyo haina subira kabisa. Inakuja kwa vikopo viwili, na ukishavichanganya, mchanganyiko unaanza kupata moto mkononi, na siku ya joto ukizubaa kidogo tu unabaki na jiwe lenye brashi ndani.

Pale boti ilipoegemezwa hapapakiki mpaka ininginizwe kwenye kreni. Unapaka mbiombio, huku mwenye kreni akitazama saa.

Basi juzi nikageuza kopo la rangi ya mwisho, nisome maandishi ya nyuma. Ati imetengenezwa makusudi ijimenye polepole majini, viumbe wakose pa kushika. Ijimenye yenyewe! Bei yake ya kulia, na kazi yake ni kutoka. Sasa wale wa bluu na kijani walishindwaje kununua hii?