Ua la Kahuzi, mniskie na mimi basi

Yule rafiki yangu aliyeweka statusi ati "mkwe amempiga koko risasi kwenye dote" (koko ni mzee wa ukoo wa mchumba wangu, dote ni sherehe ya mahari), muongo. Ilikuwa mbegu. Mbegu tu jamani. Mmeshacheka upande wake, sasa kaeni mskie upande wangu, juu ni mimi nilikuwa ndani ya ile suti.

Jumamosi, Kadutu, hapa Bukavu. Msemaji wetu aliniambia niseme maneno mawili kwa wakwe, na kichwa changu kikanituma nipeleke ua. Si lile la plastiki, la mlima! Nikasimama nalo: "Papa, Mama, hili nimelichuma kileleni kabisa Kahuzi, mita 3308, halijachanganyika na kitu, kama binti yenu." Vigelegele! (Ukweli nawaambia nyinyi tu: nililing'oa kwenye mtaro barabara ya Miti, motari akiwa anarudisha mnyororo wa piki yake.)

Sikujua tonto (mjomba) wa mchumba wangu anafundisha botaniki.

Tonto akavaa miwani. Akalichukua, akaligeuza huku na huku kama mama anayechagua samaki wa sambaza sokoni. Mtu akazima muziki, sijui nani, Mungu anamwona. "Mkwe, kule kileleni kuna baridi na vichaka vya erika, hili halikai huko, linapenda unyevu wa chini. Halafu ile ni parke tangu 1970, kuchuma ni marufuku. Sasa wewe ni muongo ao ni mwizi?"

Ungechagua nini wewe? Nilichagua muongo.

Yangeishia hapo, lakini mwalimu akishaanza... "Tena naona ni chotara." Tantini (shangazi) mmoja akajishika mdomo. "Ni jamii ya Impatiens, Kilatini hicho, maana yake asiye na subira." Tantini wote wakaniangalia mimi. Akaendelea, petali ameziona za huyu, majani ya yule, ati maua ya hivi kila moja lilikuwa na kimo chake mlimani ao msimu wake wa kuchanua, sasa joto linazidi, ya chini yanapanda, na watu wanakata msitu juu ya makala (mkaa), wanapasua barabara, unabaki udongo mtupu usio na mwenyewe, njo pale mtaroni yanakutana, nyuki anatoka kwa huyu anaingia kwa yule, haulizi ukoo. "Na lile lililo chache linaweza kumezwa na lenye wingi."

"Linamezwa na nani?" Papa mkwe akauliza, huku anatuhesabu. Tulikuwa tumekuja basi mbili.

"Na mara nyingi chotara hazai."

Hazai. Katikati ya dote. Mbuzi wenyewe wanasikia.

Koko alikuwa na glasi yake ya kasiksi, pombe ya ndizi. Akaiteremsha. Akageuka taratiiibu. "Nani hazai?"

Hapa njo akili ilinitoka. Niliona lile ua lina kiganda kimenona, nikalinyang'anya kwa Tonto, nikapiga goti mbele ya Koko, "Linazaa Koko, tazama!" nikakibana. Wenye kujua haya maua mmeshaanza kucheka. Kile kiganda kikiiva hakingoji ubane, ukigusa tu kinapasuka, kinajikunja, kinatupa mbegu mbali. TAP! Moja niliiona ikigonga miwani ya Tonto. Nyingine ikaingia ndani ya kasiksi. Na moja, naapa niliifuata kwa macho njia yote, ikapaa, ikapinda, ikaenda moja kwa moja kwenye jicho la Koko.

Kimya. Koko akabaki ananiangalia na lile jicho lingine. Mbuzi mmoja akalia. Na Tonto? Yuko chini ya viti, kwa magoti, anapapasa kapeti: "Linazaa kweli! Litarudi kuzaa na wazazi wake!" Tonto, nakuomba, nyamaza.

Basi maji yakaja, kikwembe kikapanguza jicho, tukaongeza mbuzi mmoja wa fidia, dote ikapita, mke niko naye. Koko ni mzima, kasiksi aliimaliza na mbegu yake ndani, na tangu siku ile ananiita Asiye na Subira.

Leo asubuhi Tonto kanipigia, anataka nimpeleke mahali nililichuma. Nimemwambia ni mbali sana, kileleni kabisa, mita 3308.