Simu ya Ofisi, Akaunti ya Mtu

Juzi asubuhi nimekabidhiwa simu mpya ya kazini, kwa saini tatu. Mpya kwa maana ya mpya kwangu, kwa sababu kioo kina ufa na mgongoni kuna stika ya mtu iliyokataa kubanduka. Sikunung'unika. Mimi si mnung'unikaji. Hunung'unika nikilazimishwa tu, na hulazimishwa kila siku kuanzia saa mbili kamili.

Nikaiwasha. Ikaniuliza lugha, ikaniuliza Wi-Fi, nikajibu kwa adabu zote. Halafu ikaniambia kifaa hiki kimefutwa, kwa hiyo niingie kwa akaunti iliyokuwamo awali. Awali ipi? Awali yangu mimi na simu hii ilikuwa dakika nne zilizopita.

Nikaweka akaunti ya ofisi, ikakataa. Nikaweka yangu ya nyumbani, ikakataa kwa namna niliyoiona ya dharau. Nikaibeba hadi kwa kijana wa TEHAMA.

“Mzee, hii imefungwa na akaunti binafsi ya aliyekuwa nayo.”

Akanieleza taratibu, kama anayetoa habari za msiba. Simu za Android zina kufuli hilo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na iPhone zilitangulia 2013 na iOS 7 yao. Mwizi akiiba simu na kuifuta kwa nguvu, haimfai kitu. Mpango mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba simu haijui kama mimi ni mwizi au ni mtumishi wa mwaka wa 11. Kusema kweli, hata watu wa utumishi hawana uhakika.

“Sasa aliyeifuta hii kwa nguvu ni nani?”

Kijana akatazama dari. “PIN yake hatukuwa nayo, mzee. Ikabidi nibonyeze vitufe.”

Kumbe mtu anapoondoka, anatakiwa atoe akaunti yake kwanza ndipo simu ifutwe. Au simu iwe imesajiliwa tangu mwanzo kwenye mfumo wa kampuni kama mali ya kampuni, hapo kijana angeweza kuifungua akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nikamuuliza kama ilisajiliwa. Akasema ilikuwa kwenye orodha ya kusajiliwa. Orodha hiyo naijua. Kiti changu nacho kimo humo, tangu mguu wake ulipovunjika.

Basi tukampigia aliyekuwa nayo, yule bwana wa masoko aliyeacha kazi.

“Kaka, za siku nyingi?”

“Nzuri. Nani mwenzangu?”

“Ni mimi, wa stoo.”

Akanyamaza kidogo. “Mimi sidaiwi kitu,” akasema.

Nikamtuliza. Nikamweleza. Nywila? Akacheka. Hajaiandika nywila hiyo tangu siku ya kwanza, simu ilikuwa inajikumbukia yenyewe. Akaamua aombe mpya, na mtandao ukamwambia kuna tarakimu zimetumwa kwenye namba yake ya akiba. Namba gani? Ya ofisi! Laini yenyewe iko ndani ya simu hii hii iliyofungwa, ambayo haisomi meseji mpaka ifunguliwe, na haifunguliwi mpaka meseji isomwe.

Tukaamua kuichomoa laini. Kipini cha kutolea laini kikatafutwa ofisi nzima, hakipo. Dada wa mapokezi akavua hereni. Kijana akatoboa kitundu cha kwanza, kumbe ni cha kinasa sauti. Akatoboa cha pili, kikatoka kisahani cha laini. Laini ikahitaji nyumba, na nyumba pekee iliyokuwa tayari ni simu yangu mimi, ya jasho langu, ambayo nayo ofisi ilishaingia zamani na kujitengea chumba chake: zile programu zenye picha ya kijimkoba. Nikaitia. Zikaanza kumiminika meseji za siku zote ambazo laini ilikuwa imelala. “Umefika?” “Mbona hupokei?” “Umenisusa?” Katikati ya lawama hizo, tarakimu 6.

Hapa naomba mnielewe. Mwezi uliopita tulikalishwa mafunzo ya usalama, asubuhi nzima. Fundisho kuu lilikuwa moja: tarakimu za uthibitisho hazisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha ni nani. Nilisaini. Mkufunzi alikuwa kijana huyu huyu. Na sasa amenisimamia begani, hereni mkononi, mimi nasoma tarakimu kwa sauti kwenye simu ya mezani, naye ananihimiza, “Rudia mzee, hajasikia ya tatu.”

Zikakubali. Bwana akaweka nywila mpya. Kijana akasema tusubiri saa 24, maana nywila ikitoka kubadilishwa kufuli huwa haliiamini. Nikasubiri. Nimezoea kutoaminiwa.

Jana, saa 24 zimetimia, bwana akakataa kumtajia kijana nywila. Alikuwa na haki, ni akaunti yake, ina picha za watoto wake. Akasema atanitajia mimi tu, kwa sababu mimi ni mtu mzima. Kijana akageuka ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu. Nikaandika herufi kubwa, herufi ndogo, alama ya mshangao, mkato, “si mkato huo, ule wa juu.” Mara ya tatu simu ikafunguka, tukapiga makofi.

Kabla hatujamaliza makofi, akaunti ikaanza kurudisha vitu vyake. Majina ya watu, yote, yakashuka kwenye simu ya kampuni. Kijana anaitwa “Zima Uwashe”. Bosi ni “Usipokee 1”. Utumishi, “Usipokee 2”. Nikatafuta namba yangu kwa udadisi wa kawaida tu.

“Stoo Malalamiko.”

Mimi! Miaka 11! Mtu niliyempa kalamu bila fomu! Na kijana anacheka mpaka anakohoa, yeye anayeitwa Zima Uwashe!

Tukaiondoa akaunti, tukaifuta simu upya. Lakini roho haijatulia, kwa sababu shida si simu. Shida ni kwamba mimi ni mtu mmoja na vifaa vinanitaka wawili. Kompyuta kila asubuhi inaniuliza: unaingia kwa akaunti ya kazini au ya binafsi? Zote mbili zina anwani moja ya barua pepe! Zamani Microsoft ilikuwa inaruhusu kufungua akaunti binafsi kwa barua pepe ya kazini, mwaka 2016 ikaanza kuzuia, na mimi kwa bidii zangu niliwahi kabla ya mlango kufungwa. Kwa hiyo kila asubuhi nachagua mimi yupi, na nachagua siye. Halafu inataka tarakimu kutoka kwenye simu, zinazobadilika kila sekunde 30. Miwani peke yake inanichukua 40.

Nywila tunabadilisha kila siku 90. Nilimwambia bosi kwamba taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishasema tangu 2017 watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda tu. Akasema niandike hoja. Nilipofungua kompyuta niandike, ikaniambia nywila yangu imekwisha muda.

Mhasibu wetu mwaka jana aliambiwa na kompyuta aandike ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows linalolinda diski, wenye tarakimu 48. Ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya mtu aliyestaafu. Hilo tuliache, mhasibu mwenyewe hapendi litajwe.

Usiku nimelala nikakumbuka simu yangu ya zamani ya ofisi, niliyoirudisha ili nipewe hii. Akaunti yangu niliitoa? Kijana anasema ameshampa dada mpya wa manunuzi, nayo iliwaka vizuri bila kumuuliza chochote. Bila kumuuliza chochote! Maana yake haikufutwa. Maana yake majina niliyowahifadhia watu yamo. Leo asubuhi dada huyo kanisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida, na bosi kapita hakuniangalia.

Na ile laini bado iko kwenye simu yangu, kwa sababu hereni ilirudi sikioni na dada wa mapokezi hataki kuivua tena. Kila jioni anapiga mama mmoja, mzazi wa yule bwana. Namba mpya ya mwanawe anayo, ila anasema hii ndiyo aliyoizoea. Nilijaribu kumweleza habari za akaunti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kifua kimepoa.

Nikamwambia kimepoa, mama.